Boila imezima, nyumba imepoa: Mshale wa presha unasema nini?

Ni asubuhi ya Desemba nchini Uingereza. Nje ni nyuzi joto 2, na rejeta zote, yale mabati ya ukutani yanayopasha vyumba joto, zimepoa kabisa. Kwenye boila iliyopo jikoni taa inawaka na kuzima, na kioo chake kinaonyesha F22, F1 au alama nyingine ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba anayeijua.

Mara nyingi huo si ubovu mkubwa. F.22 kwenye boila za Vaillant na F1 kwenye za Ideal zina maana moja: maji ndani ya mfumo wa kupasha nyumba yamepungua, presha imeshuka, na boila imejizima yenyewe ili isiungue.

Tatizo ni kwamba kwa mtu aliyekulia Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, "presha ya maji" ina maana nyingine kabisa. Maana yake ni bomba: maji yanatoka kwa nguvu au yanachuruzika? Basi mwanafunzi au mhudumu wa wazee aliyefika Uingereza juzi anafungua bomba la jikoni, anaona maji yanatoka kwa kasi, anasema presha ipo, ubovu uko kwingine. Kumbe anaangalia maji mengine.

Maji ya aina mbili kwenye nyumba moja

Boila nyingi za gesi kwenye nyumba za Uingereza siku hizi ni aina ya kombi, yaani kisanduku kimoja cha ukutani kinachofanya kazi mbili. Kwanza, kinachemsha maji ya kuoga na kuoshea vyombo papo hapo, yanayotoka kwenye bomba la mtaani. Pili, kinapasha maji yanayozunguka kwenye rejeta.

Haya maji ya pili hayatoki popote. Yalijazwa siku mfumo ulipofungwa, na tangu hapo pampu inayazungusha tu: kutoka kwenye boila kwenda kwenye rejeta, kurudi kwenye boila. Hayanywewi wala hayaogwi. Ukifungua rejeta ya zamani utayakuta meusi kama chai ya mkandaa.

Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya kugusa koki yoyote. Mfumo uliofungwa hautumii maji. Mshale ukishuka, maji yametoka kupitia mahali fulani, au hewa iliyokuwamo imetolewa. Kuongeza maji kunarudisha joto leo, lakini hakusemi yale ya jana yamekwenda wapi.

Mshale unatakiwa uwe wapi?

Chini ya boila au usoni pake kuna geji ndogo ya duara yenye mshale, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 4. Boila mpya huonyesha namba kwenye kioo. Kipimo kinaitwa bar. Mfumo ukiwa umepoa, mshale unatakiwa uwe kati ya bar 1 na bar 1.5. Boila ikishawaka na rejeta zikapata moto, mshale hupanda kidogo, na kufika karibu na 2 si jambo la kutisha. Ukikaribia 3, hapo kuna tatizo. Boila nyingi hugoma kuwaka presha ikishuka hadi kama 0.5 au chini yake.

Kwa hiyo geji isomwe asubuhi kabla ya kuwasha, si saa mbili usiku wakati nyumba nzima ina moto. Wengi wanasoma 1.4 boila ikiwa ya moto wanaridhika, kumbe ikipoa ni 0.7.

Kwa nini 1, si 0.2? Sababu kubwa ni ghorofa. Bar 1 inatosha kusukuma maji juu kama mita 10. Boila ikiwa jikoni na rejeta ya chumba cha juu iko mita 5 kwenda juu, nusu bar yote inatumika kuyafikisha maji pale tu. Inayobaki ndiyo inayozuia hewa isijikusanye kule juu. Ndiyo maana presha ikianza kushuka, mara nyingi rejeta ya ghorofani ndiyo ya kwanza kupoa, huku ya sebuleni bado inajitahidi.

Kwa anayejua tairi: bar 1 ni kama psi 14.5. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na kitu, yaani zaidi ya bar 2. Si presha kubwa, lakini lazima iwepo. Maji yakipungua sana, moto wa gesi unaendelea kupiga chuma ambacho hakina maji ya kutosha ndani, sawa na sufuria tupu juu ya jiko. Boila haijizimi kwa ukorofi.

Kuongeza maji bila kuita fundi

Kazi hii haigusi gesi, na vitabu vya maelezo vya boila nyingi vinamruhusu mwenye kuishi humo aifanye mwenyewe. Kumlipa fundi aje kufungua koki mbili kwa dakika tano ni hasara tupu. Mpangaji ambaye mkataba wake unamkataza kugusa boila aulize kwanza kwa mwenye nyumba.

Boila izimwe na iachwe ipoe, nusu saa au zaidi. Halafu tazama chini yake. Kwenye nyumba nyingi kuna mpira mfupi uliosukwa kwa nyaya za rangi ya fedha, umeunganisha mabomba mawili, na kila upande una koki. Huo ndio mpira wa kujazia. Upande mmoja ni bomba la mtaani, wa pili ni mfumo wa rejeta. Mkono wa koki ukilala sambamba na bomba, koki iko wazi. Ukikaa kukata bomba, imefungwa. Nyingine hazina mkono, zina mfereji mdogo wa kuingiza bisibisi bapa, na kanuni ni hiyohiyo.

Fungua koki ya kwanza yote, kisha ya pili polepole. Utasikia maji yakipita. Macho yasibanduke kwenye geji, maana mshale unaweza kutoka 0.5 hadi 2 kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Ukifika kati ya 1.2 na 1.5, funga zote mbili, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kama mpira ni wa kufunguliwa, utolewe na vifuniko virudishwe, ili yale maji meusi yasipate njia ya kurudi kwenye maji ya kunywa. Kisha washa boila, na kama alama bado iko kwenye kioo, bonyeza kitufe cha kuanza upya.

Si kila boila ina mpira huo kwa nje. Baadhi ya Worcester Bosch hutumia ufunguo wa plastiki unaochomekwa kwa chini, na nyingine zina kijiti cha kuvuta. Kama huoni mpira wala koki, usifungue mfuniko wa boila kutafuta. Tafuta jina na modeli iliyoandikwa mbele, kisha tafuta kitabu chake mtandaoni.

Mshale usipotikisika kabisa ingawa koki zote ziko wazi, huenda bomba la mtaani limefungwa mahali, au geji yenyewe imekwama. Hapo funga, achana nayo, ita mtu. Na kama maji yamezidi mpaka 2.5, boila ikiwa imepoa, yanapunguzwa kwa kufungua kidogo kiskrubu cha rejeta moja na kukinga bakuli.

Hewa nayo

Rejeta iliyo ya moto chini na baridi juu ina hewa. Dawa yake ni ufunguo mdogo unaouzwa kwa bei rahisi kwenye maduka ya vifaa. Zima mfumo, subiri upoe, weka kitambaa na kikombe chini ya kiskrubu kilicho pembeni juu ya rejeta, zungusha kinyume na saa robo au nusu mzunguko. Hewa itatoka kwa mlio kama wa tairi. Yakianza kutoka maji, funga.

Ukimaliza rudi kwenye geji. Hapa watu wengi hushtuka bure: walianza na 1.3, wamekuta 0.8. Ile hewa ilikuwa sehemu ya presha. Imetoka, basi ongeza maji.

Rejeta iliyo baridi chini na moto juu ni kesi nyingine. Hiyo ina tope la kutu, na kuongeza presha hakutaisaidia chochote.

Ikishuka kila wiki

Kuongeza maji mara moja au mbili kwa mwaka ni kawaida. Kila mwezi ni dalili. Kila wiki, au kila asubuhi, ni ubovu unaoendelea, na ile dakika tano ya kufungua koki inaanza kuuharibu mfumo.

Sababu ni kutu. Rejeta nyingi ni za chuma. Maji yaliyofungiwa kwa muda mrefu huishiwa oksijeni, na kutu hupungua kasi. Fundi pia huweka dawa ya kuzuia kutu ndani ya maji hayo. Kila unapoingiza maji mapya unaingiza oksijeni mpya na unaizimua ile dawa. Kutu inamomonyoka, inakuwa tope jeusi, tope linaziba rejeta, pampu na njia nyembamba ndani ya boila. Mtu anayejaza kila Jumatatu kwa miezi sita anaweza kujikuta na kazi kubwa kuliko uvujaji ulioanzisha yote.

Basi maji yanakwenda wapi? Anza na yanayoonekana. Pitia kila rejeta, shika koki zake za chini kwa karatasi laini kavu uone kama inalowa. Angalia viungo vya mabomba ya shaba: alama ya kijani au nyeupe ni mahali palipokuwa pakivuja taratibu na kukauka. Doa kwenye dari la sebule chini ya chumba chenye rejeta halihitaji maelezo.

Halafu toka nje. Ukutani, nyuma ya mahali ilipo boila, kwa kawaida kuna bomba dogo la shaba limechungulia na kupinda kuelekea ukuta. Ni njia ya vali ya usalama, inayofunguka presha ikifika bar 3 ili kitu kisipasuke. Bomba hilo linatakiwa liwe kavu. Likidondosha maji, au ukuta chini yake una michirizi, umepata maji yako.

Lakini kwa nini vali ifunguke kama wewe ulijaza 1.3 tu? Hapa ndipo kilipo kifaa ambacho wapangaji wengi hawajawahi kukisikia.

Chombo cha kupokea maji yanayotanuka

Maji yakipata moto hutanuka. Mfumo wenye lita 100 ukitoka nyuzi 10 hadi 70, maji yanaongezeka kwa lita 2 na kidogo. Maji hayabanwi, na mabomba hayatanuki kiasi cha kuyapisha. Lita hizo 2 lazima ziwe na pa kukaa.

Pa kukaa ni chombo cha chuma, bapa au cha mviringo, ambacho kwenye kombi huwa kimejificha ndani au nyuma ya boila. Katikati yake kuna utando wa mpira. Upande mmoja ni maji, wa pili ni hewa iliyojazwa. Maji yakitanuka yanausukuma utando, hewa inabanwa, mshale unapanda kidogo tu. Yakipoa, hewa inausukuma utando urudi.

Hewa hiyo hupungua na miaka, kama ya tairi lililoegeshwa. Ikiisha, mshale huanza kucheza vibaya: umepoa uko 1, boila inawaka unaruka hadi 3, vali inafunguka, maji yanatoka nje, mfumo unapoa, asubuhi geji inasoma 0. Mwenye nyumba anajaza. Jioni yanatoka. Anajaza tena.

Hiyo ni tofauti na uvujaji wa kawaida, na geji peke yake inaweza kukuonyesha. Kwa uvujaji, mshale unashuka tu, siku baada ya siku. Kwa chombo kilichoishiwa hewa, unapanda sana kwanza ndipo unashuka.

Matengenezo yake mara nyingi si ya kutisha. Fundi anatoa presha ya maji, anajaza hewa kwa pampu kupitia ncha ileile ya tairi la gari. Akibonyeza ncha hiyo yakatoka maji badala ya hewa, utando umepasuka na chombo kinabadilishwa. Vali ya usalama ikishafunguka mara nyingi, takataka hukwama kwenye mdomo wake isifunge vizuri tena, nayo hubadilishwa palepale.

Kuna uvujaji usioonekana kabisa. Chuma cha ndani ya boila kikitoboka, maji huungana na yale ya mvuke uliopoa na kupita kwenye bomba la maji machafu bila kuacha tone sakafuni. Njia moja ya fundi kutofautisha ni kufunga koki za rejeta chini ya boila usiku kucha. Asubuhi geji ya boila ikiwa imeshuka, tatizo limo ndani ya boila. Isiposhuka, ni mabomba au rejeta.

Na mshale unaopanda wenyewe bila boila kuwaka? Mara nyingi koki ya kujazia haikufungwa hadi mwisho. Ikiwa imefungwa kweli, maji ya mtaani yanapenya ndani ya boila, na hiyo ni kazi ya fundi.

Presha iko sawa, lakini bado baridi

Kabla ya kulaumu presha, angalia mita. Nyumba nyingi za kupanga zina mita ya gesi ya kulipia kabla, ndugu yake LUKU ya Tanzania na tokeni za Kenya. Salio likiisha, boila inazima huku geji ikisoma 1.4 vizuri tu.

Siku za barafu kuna jambo lingine: bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya boila kwenda nje huganda. Boila hugugumia kisha huzima. Dawa ni kulimwagia maji ya vuguvugu kwa nje, si yanayochemka, maana plastiki iliyoganda hupasuka.

Nani anayelipa?

Kwa mpangaji wa England, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze na kudumisha vifaa vya kupasha nyumba na maji. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka pia akaguze vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya cheti. Tangu Oktoba 2022, nyumba za kupanga za England lazima ziwe na king'ora cha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kwenye chumba chenye boila.

Jibu la kawaida la simu ni "ongeza tu maji mwenyewe". Mara ya kwanza ni jibu la haki. Mara ya tano si haki tena. Kinachosaidia hapo ni picha. Piga geji asubuhi ikiwa imepoa, piga tena jioni ikiwa ya moto, siku tatu mfululizo, na upige bomba la nje kama linadondosha. Zitume kwa maandishi, na tarehe, na idadi ya mara ulizojaza. Mwenye nyumba anaweza kubishana na neno "baridi". Ni vigumu kubishana na mshale uliosoma 1.4 Jumatatu na 0.3 Jumatano.

Anayekuja kufungua mfuniko wa boila lazima awe kwenye orodha ya Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Ana kadi yenye picha, na nyuma yake imeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Kuomba kuiona si utovu wa adabu, hata akiwa ni shemeji wa mwenye nyumba. Na ikisikika harufu ya gesi, habari za presha ziwekwe kando: fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga 0800 111 999, saa 24.

Nyumba za zamani zisizo na geji

Zipo bado nyumba za Uingereza ambazo hakuna geji wala mpira wa kujazia, na si kwamba vimeibwa. Zinatumia mfumo wa wazi: darini kuna katangi kadogo kenye boya, kama la tangi la choo, na maji hushuka kwenye rejeta kwa uzito wake. Yakipungua, boya linashuka na kujaza lenyewe. Rejeta za juu zikipoa kwenye nyumba ya aina hiyo, chukua tochi upande darini uone kama katangi kana maji, maana boya lililokaa miaka mingi bila kutikisika hukwama likiwa juu, na chini yake pakauka bila mtu kujua.